Altezza imelala chini, ila rimu hizo zitafika Moro?

SIKU ya mechi kubwa, nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, ndinga nazo hupimwa kama wachezaji. Ikiingia Toyota Altezza iliyoshushwa, rimu zimejaa kwenye madigadi na skafu inapepea dirishani, lazima watu wageuke.

Kasheshe huanza wiki inayofuata, timu ikiwa na mechi Morogoro. Mashabiki wanne wenye miili yao wanapanda, dereva wa tano, na kwenye tuta la kwanza tu nyuma inasikika 'krrr'.

Hapo tairi linasaga madigadi. Likiendelea kusaga, ubavu wake unachanika, na tairi likipasuka gari ikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, utani wa Simba na Yanga humo ndani unakatika ghafla.

Lawama zote humwangukia fundi aliyeshusha springi. Wakati mwingine anastahili, hasa kama alizikata kwa msumeno. Lakini mara nyingi kosa lilifanyika dukani, rimu zilipochaguliwa kwa macho badala ya tepu.

Altezza ya RS200 ilitoka kiwandani na rimu ya inchi 17, upana inchi 7, ofseti 50, na tairi la 215/45. Nati zake ni tano kwenye mduara wa milimita 114.3. Ndiyo maana rimu za Subaru Impreza nyingi, ambazo mduara wake ni 100, hazikai hata fundi aape. Tundu la katikati nalo ni milimita 60.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi inataka ringi ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka ukikolea mwendo.

Kwenye ofseti ndipo wengi wanapootea. Hiyo ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapobana kwenye habu. Namba ikishuka, rimu inatoka nje. Upana ukiongezeka, inatanuka pande zote mbili.

Sasa chukua rimu inayopendwa na vijana: inchi 18, upana 8.5, ofseti 35. Nusu ya upana wake ni milimita 108. Toa 35, inabaki 73 upande wa nje. Ile ya kiwandani, nusu yake ni 89, toa 50, inabaki 39. Maana yake rimu mpya imetoka nje milimita 34 zaidi, na ndani imesogelea shokapu kwa milimita 4. Juu yake likivikwa tairi la 225/40, kipenyo kinapanda kutoka milimita 625 hadi 637, hivyo spidometa ikisoma 100, gari inatembea karibu 102. Na madigadi ilishashuka!

Mwenye subira angechukua upana wa 7.5, ofseti 45, na tairi la 215/40. Rimu inatoka nje milimita 11 tu, na kipenyo ni 629. Haitajaza madigadi kama ile ya kwanza, na washkaji watamtania, lakini matuta atayavuka.

Gari ikishushwa, tairi nalo huinama, juu likiingia ndani. Hilo linaongeza nafasi kidogo kwenye madigadi, ila tairi linaliwa upande wa ndani, ambako mwenye gari haoni mpaka nyuzi zitokeze. Baada ya kushusha, alaimenti ni lazima. Fundi mzuri anaweza pia kukunja ule mdomo wa ndani wa madigadi, japo haumezi milimita 34.

Kipimo chenyewe hakigharimu kitu. Abiria wanne wapande kabla gari haijatoka gereji. Usukani ukatwe kulia hadi mwisho, kisha kushoto, huku mtu amechuchumaa anaangalia pengo la juu, la nje na la upande wa shokapu. Kisha wakapande tuta moja la mtaani, taratibu. Kama kidole hakipiti kati ya tairi na madigadi wakiwa wamekaa tu, rimu zirudi dukani siku hiyo hiyo. Zikishachubuka barabarani, muuzaji hazipokei tena.