Kwa Nini Hadithi za Bibi Ziligoma Kufika Nakivale

Muhula huu tuliwarekodi bibi zetu wa Buffalo, Louisville na Columbus wakisimulia hadithi walizotoka nazo Kongo mashariki. Tukayaandika maneno yao, tukaweka sauti na maandishi kwenye seva ya chama chetu hapa Amherst, kisha tukawatumia ndugu kiungo. Ukikibonyeza, seva hubana mafaili yote ndani ya zip moja huku ikiyatuma.

Siku ya pili binamu yetu aliyeko Nakivale, Uganda, akatupigia: "Inafika asilimia 99, inagoma. Nimemaliza bando mara mbili!" Tukalaumu mtandao wa huko. Kumbe kosa lilikuwa letu.

Kabla ya kutuma faili, seva hutanguliza mistari ya maelezo. Mmoja wao, Content-Length, hutaja idadi ya baiti zitakazofuata. Kivinjari huuchukua kama ahadi, na ahadi ni deni. Sisi tulijumlisha ukubwa wa mafaili kabla ya kubanwa. Sauti za MP3 hazikupungua sana, kwa kuwa zimebanwa tangu mwanzo, lakini maandishi yalisinyaa. Baiti zikaisha, kivinjari kikabaki kinangoja zile pungufu, mwishowe kikasema upakuaji umeshindikana.

Tukaamua kutobana kabisa. Mambo yakaharibika upande wa pili: zip huongeza majina ya mafaili, na mwishoni huweka orodha ya vilivyomo. Safari hii hesabu yetu ilikuwa ndogo mno. Kivinjari kikaacha kupokea mapema, orodha ikakatika, simu ikabaki na faili lisilofunguka.

Njia sahihi ni mbili. Kama ukubwa haujulikani, usiutaje: tangu 1997 HTTP/1.1 inaruhusu kutuma vipande vipande, kila kipande kikitanguliwa na urefu wake, na kipande cha sifuri kikionyesha mwisho. Au bana kwanza, hifadhi kwenye diski, pima, ndipo utume.

Tulichagua ya pili. Ile ya kwanza haionyeshi asilimia, na zip inayotengenezwa upya kila mara ni vigumu kuiendeleza pale ilipokatika. Kwa anayenunua bando la siku, kuendelea badala ya kuanza upya ni pesa.

Jumapili binamu alitutumia ujumbe wa sauti. Bibi wa Louisville anasikika akianza hadithi, na watoto wa Nakivale wanamwitikia: "Hadithi njoo!" Mwenye bibi ambaye bado hajarekodiwa, atuone Ijumaa.