Maji ya Isinya Hayana Wastani

Msafiri anayetoka Nairobi kwa Barabara ya Namanga huupita mji wa Athi River ulio Kaunti ya Machakos, na muda si muda yuko Kitengela, Kajiado. Eneo hilo lote ni la viwanda: saruji, chuma, nguo, plastiki. Akizidi kwenda kusini, viwanda hupungua na mashamba ya maua yaliyofunikwa kwa plastiki huanza kujitokeza upande wa Isinya. Magharibi, katikati ya malisho ya Kipeto, mitambo ya upepo huzungusha mapanga yake juu ya mbuzi na kondoo. Mbali zaidi, chini kabisa katika Bonde la Ufa, liko Ziwa Magadi, na ukingoni mwake kiwanda cha magadi kilichoanzishwa mwaka 1911.

Kila mahali hapo pana watu ambao kazi yao ni kuhesabu. Mmoja husoma mita ya kisima, mwingine huandika lita za dizeli zilizoingia kwenye jenereta, mwingine hupima uzito wa mawe ya chokaa yanayoshushwa na lori, na huko Kipeto wapo wanaohesabu hata ndege. Mwisho wa mwezi tarakimu hizo zote huingizwa kwenye kompyuta, zikageuka michoro ya rangi kwenye skrini ya meneja, na mwisho wa mwaka zikawa kurasa za ripoti yenye jalada la kupendeza. Skrini hiyo ndiyo inayoitwa dashibodi. Kitabu hicho ndicho ripoti ya uendelevu: maelezo ya kampuni kuhusu inavyotendea mazingira, wafanyakazi na majirani zake, mbali na hesabu za faida na hasara.

Kwa miaka mingi kampuni nchini Kenya ziliandika mambo hayo zilipopenda na jinsi zilivyopenda. Kweli, kanuni za mwaka 2003 chini ya Sheria ya Mazingira zilikwisha kuzitaka kampuni zenye miradi mikubwa zifanye ukaguzi wa mazingira na kupeleka matokeo kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, lakini hayo yalikuwa mambo kati ya kampuni na mdhibiti wake. Safaricom ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuchapisha ripoti ya uendelevu kila mwaka, tangu 2012. Mabadiliko makubwa yalikuja Novemba 2021, Soko la Hisa la Nairobi lilipotoa mwongozo wa kuzitaka kampuni zilizoorodheshwa zieleze mambo ya mazingira, jamii na utawala. Mwongozo huo uliandaliwa pamoja na GRI, shirika la viwango vya ripoti za uendelevu lililozaliwa Marekani mwaka 1997 baada ya watu kushuhudia mafuta ya meli ya Exxon Valdez yakichafua pwani ya Alaska mwaka 1989.

Sasa umekuja msukumo wenye nguvu zaidi. Juni 2023 bodi ya kimataifa ya viwango vya uendelevu ilitoa viwango viwili, IFRS S1 na S2, vinavyotaka habari za tabianchi zitolewe kwa umakini uleule wa hesabu za fedha. Taasisi ya wahasibu wa Kenya, ICPAK, ikatangaza ratiba yake Novemba 2024: kampuni zenye maslahi ya umma, zikiwemo benki, bima na zilizoorodheshwa sokoni, zitabanwa na viwango hivyo kuanzia Januari 2027, kampuni nyingine kubwa mwaka 2028, na biashara ndogo na za kati mwaka 2029. Hata karakana ya Kitengela inayouza bidhaa kwa kiwanda kikubwa itaanza kuulizwa bili zake za stima na risiti zake za mafuta, kwa kuwa mteja wake ana ripoti ya kujaza.

Dashibodi yenyewe hujengwaje? Wengi huanza na jedwali la Excel, kisha huhamia programu kama Power BI inayochora michoro yenyewe kila takwimu mpya zinapoingia. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kazi ngumu iko chini, penye mita na daftari. Tawi moja huandika maji kwa lita, jingine kwa mita za ujazo. Mwezi mmoja mita iliharibika, karani akakisia. Dizeli ya malori ya mkandarasi haikuandikwa na yeyote, kila mmoja akidhani ni kazi ya mwenzake. Mjenzi mzuri wa dashibodi hutumia muda mwingi akiwa na watu hawa kuliko anaoutumia kuchagua rangi za michoro, na kila tarakimu iliyokisiwa huiwekea alama ili msomaji ajue kuwa imekisiwa. Mkaguzi akibonyeza namba yoyote kwenye skrini, anapaswa kuweza kuifuata hadi kwenye risiti iliyoizaa. Skrini isiyofuatika hadi kwenye risiti ni pambo tu.

Hesabu zenyewe si za ajabu. Lita 1 ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya kaboni. Jenereta iliyokunywa lita 1,000 kwa mwezi basi imetoa karibu tani 2.7. Saruji ina hesabu yake, na wakazi wa Kitengela wanafaa kuijua kwa sababu wanaishi nayo. Mawe safi ya chokaa yakipikwa hadi yageuke chokaa, kila kilo 100 hutoa kilo 44 za hewa ya kaboni kutoka ndani ya jiwe lenyewe, kabla hata hujahesabu makaa yaliyochomwa kulipika. Hakuna paneli za jua zinazoweza kuiondoa hewa hiyo. Kinachosaidia ni kupunguza klinka, yaani kile kinachotoka tanurini, na kuongeza viungo vingine kama majivu ya volkeno wakati wa kusaga. Ndiyo maana msomaji mwerevu wa ripoti ya kampuni ya saruji hutafuta kwanza kiwango cha klinka ndani ya kila tani.

Wataalamu hugawa hewa hiyo katika makundi matatu: inayotoka kwenye matanuri na magari ya kampuni yenyewe, inayotokana na umeme inaonunua, na ile ya wengine wote wanaoiuzia au kununua kwake. Katika ukanda huu mgawanyo huo una uzito wa pekee. Kampuni ya East African Portland, iliyoanzishwa 1933 na yenye kiwanda Athi River, huchimba mawe ya chokaa Kajiado, upande wa Bissil. Kampuni ya National Cement ilijenga tanuri la klinka Merrueshi, ndani ya Kajiado. Viwanda vingine vya saruji katika eneo hili husaga tu klinka iliyopikwa kwingine, na bomba lao la moshi likipimwa peke yake huonekana safi mno. Kundi la tatu ndilo linalofichua ukweli wao, na ndilo kampuni nyingi hulikwepa kwa kisingizio kwamba ni gumu kuhesabu. Kundi la pili, nalo, hapa Kenya ni dogo, kwa sababu takriban asilimia 90 ya umeme wa taifa hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kampuni inapojaza kurasa zake kwa picha za paneli juu ya paa, huenda inasimulia sehemu ndogo kabisa ya mzigo wake.

Hata hivyo kaboni, pamoja na ugumu wake wote, ni rahisi kwa namna moja: tani iliyotoka Merrueshi na tani iliyotoka Mumbai huenda kwenye anga moja na kufanya madhara yaleyale. Unaweza kuzijumlisha bila kumdhulumu mtu. Maji hayako hivyo. Lita moja iliyovutwa kutoka chini ya ardhi ya Isinya hailipwi na lita iliyookolewa Kericho. Tuseme kampuni ina matawi kumi, na mwaka huu imepunguza matumizi ya maji kwa asilimia 10 kwa jumla, huku tawi lake la Kajiado likiwa limezidisha. Mchoro utaonyesha mstari unaoshuka, wakurugenzi watapigiwa makofi, na mwenye kisima jirani na tawi hilo ataendelea kuteremsha pampu yake chini zaidi. Mjenzi wa dashibodi hakudanganya popote. Wastani umemmeza mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyepaswa kuonekana kwanza. Kaunti iliyopitia ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikikosa kutimia na mizoga ya ng'ombe ikitapakaa kando ya barabara, haifai kuelezwa habari za maji yake kwa wastani wa taifa.

Mfano wa namna ya kufanya vizuri hauko mbali. Mradi wa upepo wa Kipeto una mitambo 60 na uwezo wa megawati 100, na ulianza kuuza umeme kwa gridi ya taifa mwaka 2021. Kwenye dashibodi ya kaboni, mradi wa namna hiyo hupata alama za juu bila jasho. Lakini miamba ya Kwenia, iliyo katika Kajiado hiyohiyo, ni makazi ya kuzalia ya tumbusi wa Rüppell, na ndege huyo pamoja na tumbusi mgongo-mweupe waliwekwa mwaka 2015 katika daraja la viumbe walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Tumbusi huzaa kinda mmoja kwa msimu. Kumpoteza mmoja kwenye panga la mtambo ni hasara isiyozibwa upesi, na hakuna tani ya kaboni inayoweza kumrudisha. Wakopeshaji wa mradi waliweka masharti ya kulinda viumbe, na mradi ukaajiri watazamaji kutoka jamii inayouzunguka. Kazi yao ni kukaa na darubini, kutazama anga, na ndege anapokaribia kuagiza mtambo usimamishwe. Mradi pia ulijifunga kusaidia kupunguza vifo vya tumbusi wanaokula mizoga iliyotiwa sumu na wafugaji waliochoshwa na fisi na simba.

Hapo takwimu hupatikana papo hapo mahali penyewe, ikakusanywa na mtu wa mahali hapo, na ikabadilisha jambo saa ileile. Mtambo unasimama. Ripoti nyingi za uendelevu zina kurasa nyingi lakini hazina hata namba moja iliyowahi kusimamisha kitu.

Kitengela yenyewe ina hadithi ndefu ya takwimu ambazo hazikuwahi kuingia kwenye skrini ya kampuni yoyote. Nyanda zilizo kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa 1946, zilikuwa njia ya nyumbu na punda milia waliotoka mbugani wakati wa mvua. Miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizo walikuwa zaidi ya 20,000. Baada ya miongo minne hawakufika 5,000. Ua, nyumba, machimbo na barabara vimekata njia yao. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi takriban dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza vipande, na familia nyingi za Kimaasai zilijiunga. Ada hiyo haikuweza kushindana na bei ya ploti. Kampuni iliyonunua ekari na kuizungushia ukuta ina thamani ya ardhi hiyo kwenye vitabu vyake, hadi senti. Kinachokosekana ni safu moja zaidi kwenye jedwali: ukuta huu uko kwenye njia ya nani?

Mashamba ya maua yamekwisha kuzoea kuulizwa maswali ya aina hii kwa undani, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya hataki wastani. Cheti kama MPS-ABC humtaka mkulima arekodi dawa, mbolea, maji, nishati na taka, shamba kwa shamba. Na kule Magadi, kampuni mama ya kiwanda cha magadi, Tata Chemicals, imeorodheshwa India, nchi ambako tangu mwaka wa fedha wa 2022-23 kampuni 1,000 kubwa zaidi sokoni zinalazimika kutoa taarifa za uendelevu kwa muundo mmoja. Mwekezaji wa Mumbai na muuza maua wa Uholanzi wana njia ya kuuliza. Mama anayenunua maji kwa mtungi Kitengela, na mzee anayechunga karibu na machimbo ya Bissil, je?

Kisheria, wanayo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na hata iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji ili kulinda haki yake, nayo haki ya mazingira safi imo katika Kifungu cha 42. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza jinsi ya kuiomba. Ripoti za ukaguzi zilizoko NEMA na vibali vya kuchimba visima vilivyoko kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji si siri za biashara za kufungiwa kabatini.

Januari 2027 haiko mbali, na kampuni nyingi za ukanda huu ziko mezani hivi sasa na wajenzi wa dashibodi, zikiamua safu zipi ziwekwe na zipi ziachwe. Huu ndio wakati wa kudai ukurasa wa Kajiado: maji yaliyovutwa kisima kwa kisima, vumbi lililopimwa karibu na makazi, ajali za kazini, ekari zilizozungushiwa ukuta na zilizorudishiwa nyasi, yote kwa Kiswahili na Kimaasai, yabandikwe kwa chifu na kusomwa katika baraza. Wawakilishi wa wadi za maeneo ya Kitengela, Isinya na Magadi waanze kwa kuwaandikia barua mameneja wa viwanda vilivyo katika wadi zao, wakitaja Kifungu cha 35, na waombe tarakimu za mwaka uliopita.