Kuchagua Mtoto wa Mbwa

Katika nchi ya Uha, toka Heru Juu katika Kasulu hata Mabamba katika Kibondo, nyumba nyingi zina mbwa. Yeye hulinda mbuzi usiku, hufukuza ngedere na nyani shambani wakati wa mahindi, na hubweka mgeni afikapo uani. Kazi yake ni kubwa, lakini mara nyingi twampata kwa haraka mno. Jirani husema mbwa wake amezaa; kijana hutumwa, naye hurudi na yule wa kwanza aliyemshika. Twataka leo kuwaeleza wenye nyumba, na walimu wapate kuwafundisha watoto, namna ya kuchagua vema. Maana mbwa aweza kukaa nanyi miaka 10 au zaidi, naye atalala karibu na watoto wenu.

Kwanza, mtazameni mama. Mtu akikuletea mtoto wa mbwa sokoni ndani ya kikapu, humjui mama yake, wala hujui alivyotunzwa. Heri kwenda mwenyewe mpaka nyumba alikozaliwa. Mama mwenye watoto wachanga akimngurumia mgeni, hilo si kosa. Analinda watoto wake. Bali angalieni jinsi alivyo na watu wa kwake. Akiwa hukimbia kila mtu kwa hofu, au huuma watu wa nyumbani bila sababu, jihadharini. Watoto waweza kurithi tabia hiyo, tena hujifunza kwake kila siku. Ulizeni pia kama amechanjwa, na kama ameumwa na mbwa mwingine au mnyama wa porini siku za karibu.

Pili, angalieni umri. Mbwa huchukua mimba siku 63 hivi. Watoto wake huzaliwa hawaoni wala hawasikii. Macho hufumbuka kati ya siku ya 10 na ya 14, na masikio hufuata. Wakati ufaao kumtenga na mama ni majuma 8. Wengine hudhani ya kuwa mdogo zaidi atamzoea bwana wake upesi, lakini sivyo. Watoto wa mbwa wachezapo huumana. Mmoja akiuma kwa nguvu, mwenzake hulia na kuuacha mchezo. Ndivyo ajifunzavyo kupunguza nguvu ya meno yake. Aliyeondolewa mapema hukosa shule hiyo.

Lakini kukawia mno nako kuna hasara. Mwaka 1961, wataalamu Freedman, King na Elliot wa Marekani walieleza habari za watoto wa mbwa waliolelewa uwanjani mbali na watu. Wale waliokaa hivyo hata majuma 14 walikuwa kama wanyama wa mwitu, wakawa wagumu sana kufugwa. Basi mtoto mwema ni yule aliyekaa na mama yake na ndugu zake, huku akishikwa na kusemeshwa na watu kila siku. Samaki mkunje angali mbichi.

Tatu, chunguzeni afya. Macho yawe maangavu, yasitoe usaha. Pua isitiririke kamasi. Ufizi uwe mwekundu kidogo; ukiwa mweupe, pengine damu imepungua kwa sababu ya safura au viroboto. Tumbo lililojaa kama ngoma, na mbavu zaonekana, ni dalili ya minyoo, wala si dalili ya shibe. Tazameni ndani ya masikio na katikati ya vidole kama kuna kupe. Kisha pigeni makofi nyuma yake. Asiyegeuka huenda ni kiziwi.

Nne, pimeni tabia. Husikika watu wakisema, mnyanyue kwa sikio au kwa mkia, asiyelia ndiye shujaa. Huko ni kumtesa bure, na hakuonyeshi kitu. Afadhali kaeni chini kimya, mngoje. Mmoja atakuja mbio na kuwasukuma wenzake; mmoja atajificha pembeni na kutetemeka; mwingine atakuja taratibu, atanusa mkono, atatikisa mkia. Kwa nyumba yenye watoto, mchagueni huyo wa mwisho. Mshikeni mikononi kwa upole. Akifurukuta kidogo kisha akatulia, ni vema. Tena nendeni mara mbili, siku mbali mbali, maana mtoto aliyeshiba na kusinzia leo aweza kuwa mwingine kesho.

Mtu atauliza, Mbwa mpole atalindaje nyumba? Twajibu kwamba mlinzi mwema ni yule ajuaye kupambanua. Mbwa wa namna hii akikua na kuifahamu nyumba yake, atabweka usiku asikiapo hatua asizozijua. Lakini mbwa mwenye hofu humwuma yeyote, na aliye karibu naye kila siku ni mtoto wa nyumbani. Kumfungia gizani au kumlisha pilipili hakumpi akili ya ulinzi. Kwaongeza hofu na uchungu tu. Umleavyo ndivyo akuavyo.

Watu wengi hupendelea dume. Ajuaye kulea aweza kuchukua jike pia, maana naye hulinda sawasawa. Ila asiyetaka watoto wa mbwa kila mwaka na azungumze na bwana mifugo, amfunge uzazi.

Tano, na hili ndilo kubwa, ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa ugonjwa huu huua watu 59,000 kila mwaka duniani, walio wengi katika Asia na Afrika. Na katika kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote waliupata kwa mbwa. Hata mtoto wa mbwa aweza kuwa nao, kwa hiyo Shirika hilo lasema watoto wa mbwa wasiachwe nyuma siku ya chanjo. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa, oshani jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku ile ile apate sindano. Msingoje kuona kama mbwa atakufa, wala msianzie kwa dawa za kienyeji. Dalili zikishatokea kwa mtu, kupona ni nadra mno. Lakini sindano ikiwahi huokoa: tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, naye akaishi.

Basi mkimleta mtoto wa mbwa nyumbani, mtandikieni mahali pakavu, maana usiku wa Juni na Julai katika nchi yetu ya juu una baridi. Mpeni maji safi na chakula kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, na dawa ya minyoo. Wakatazeni watoto kumpiga mawe na kumsumbua alapo. Na juma lile lile mwulizeni bwana mifugo wa kata siku ya chanjo.