Kunakili Hifadhidata Inayotumika: Mfano wa Kaya za Kagera

Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walihoji kaya zaidi ya 900 mkoani Kagera, zikiwamo za Bukoba na Muleba, wapate kujua jinsi vifo vya watu wazima, hasa kwa ukimwi, vilivyowaathiri jamaa waliobaki. Mwaka 2004, na tena 2010, watu wale wale walitafutwa upya. Wengi walikuwa wamehama, na kaya moja ya awali mara nyingi ilikuwa imezaa kaya kadhaa. Orodha ya namna hii hubadilika hata wakati inaponakiliwa, na hapo ndipo penye hatari.

Chukuliwe kijana aliyetoka kwa babaye Muleba akaanza kaya yake Bukoba. Karani aandikapo uhamisho huo hugusa majedwali mawili: huongeza kaya mpya katika jedwali la kaya, kisha hubadili namba ya kaya ya kijana katika jedwali la watu. Iwapo programu ya kunakili imekwisha kulipita jedwali la kwanza kabla ya karani kuandika, ikalifikia la pili baada yake, nakala itakuwa na kijana asiye na nyumba: Muleba imemfuta na Bukoba haimjui. Hakuna aliyekosea, wala mashine haikuharibika. Tena nakala hiyo hufanana kabisa na nakala njema mpaka siku ya kuhitajiwa.

Kwa hiyo haifai kuyanyakua tu mafaili ya hifadhidata huku kazi ikiendelea; hapana budi hifadhidata yenyewe iombwe kutoa nakala. Hifadhidata nyingi huweza kumwonyesha mnakili hali ya data ilivyokuwa katika nukta moja ya wakati, huku makarani wakiendelea kuandika. Mabadiliko yale mawili yakifungwa katika muamala mmoja, mnakili huyaona yote au haoni hata moja. Likitunzwa pia daftari la mabadiliko, yaliyoandikwa baada ya nakala huweza kurudishwa.

Baadhi ya wanaistilahi huiita nakala ya akiba chelezo, neno ambalo kwa mabaharia ni boya. Ni uteuzi mzuri, ila boya lisifungwe ndani ya chombo kinachozama: tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi Bukoba, na nakala iliyokaa chumba kimoja na asili yake ingefukiwa pamoja nayo.

Mwisho, nakala irejeshwe katika mashine nyingine na kukaguliwa. Kwa orodha ya kaya ukaguzi wa kwanza ni mwepesi: atafutwe mtu yeyote ambaye namba ya kaya yake haimo katika jedwali la kaya.