Mpira wa Katikati ni wa Nani?



Injili ya Dominika ya 14 ya Mwaka C inatoka Luka sura ya 10. Bwana anachagua wanafunzi 72 na kuwatuma wawili wawili. Mfuko wa fedha anawakataza kubeba, na viatu pia. Mwenzi hakatazi, huyo anawapangia yeye mwenyewe. Fanya hesabu kidogo. Angetuma mmoja mmoja, angefikia vijiji 72 kwa mara moja. Kwa kuwatuma wawili wawili alifikia 36. Nusu nzima ya vijiji ilisubiri ili mtu asiende peke yake.

Huko London kuna mashindano ya tenisi ya Wimbledon. Najua huku kwetu tenisi si mchezo wa watu wengi. Wengi mmeiona kwenye kibanda umiza mkisubiri mechi ya Simba au Yanga ianze, na wapenzi wa Stand United na Geita Gold watanisamehe kwa kuwasahau. Hata wanaoifuatilia tenisi hutazama zaidi mchezaji mmoja dhidi ya mmoja, kwa sababu huko ndiko kuna majina makubwa na fedha nyingi. Lakini upo pia mchezo wa wawili dhidi ya wawili. Wimbledon ilianza mwaka 1877, na mwaka 1884 wanaume wakaanza kushindania ubingwa wa wawili wawili hapo hapo. Huo ndio ninaotaka tuutazame.

Julai 2022, binti wa Kenya, Angella Okutoyi, alishinda Wimbledon katika mchezo huo upande wa wasichana vijana. Mwenzake alikuwa Mholanzi, Rose Marie Nijkamp. Hakuna Mkenya aliyewahi kushinda taji la vijana katika mashindano makubwa manne ya tenisi duniani kabla yake. Angella alizaliwa pacha, na mama yao akafariki wakati wa kujifungua. Bibi yao ndiye aliyewalea, akifanya kazi ya usafi katika shule ya Loreto Convent, Valley Road, Nairobi. Fainali ile walicheza na Wakanada wawili. Seti ya kwanza walipoteza 3-6, ya pili wakashinda 6-4, na ya mwisho ya kuamua wakafika 9 kwa 9. Pointi mbili tu zilikuwa zimebaki kati ya kilio na kombe. Wakazichukua zote mbili, 11-9.

Sasa tazama wanavyosimama. Mmoja yuko nyuma kabisa, ndiye anayeanzisha mpira kwa nguvu zake zote. Mwenzake yuko mbele karibu na wavu, amempa mgongo. Mpira unapita jirani na kichwa chake, naye hageuki. Akigeuka, amekwisha, wapinzani wako mbele, si nyuma. Kabla ya hapo amemwonyesha mwenzake kwa vidole, mkono ukiwa mgongoni, ataelekea upande gani. Basi. Yaliyobaki ni kuaminiana.

Uwanja wenyewe hupanuliwa wanapocheza wanne. Kwa mmoja mmoja upana ni mita 8.23, kwa wawili wawili ni mita 10.97. Ungedhani hatari kubwa iko pembeni, kwenye eneo lililoongezwa. Lakini mpira unaozisumbua jozi nyingi ni ule unaopita katikati yao. Kila mmoja anaweza kuufikia, na kila mmoja anamwachia mwenzake. Unadunda, unakwenda zake, nao wanabaki kutazamana. Jozi iliyozoeana hupiga kelele mapema: wangu! wako!

Msomaji wangu wa Kahama, Kakola, Mgusu au Nyarugusu, mchezo huu unaujua kuliko mimi. Aliyeshuka kwenye duara amempa mgongo aliyeshika kamba juu. Hamwoni. Anajua tu kwamba yupo. Nimewafahamu watu walioshushana hivyo miaka mingi, wakala ugali wa sahani moja, wakakopa unga na dizeli pamoja, na duara lilipokuwa tupu hawakugombana hata siku moja. Siku mawe yalipotoka yenye dhahabu, kabla hayajafika karasha, wakawa hawasalimiani. Walikuwa hawajawahi kuzungumza kiroba kipi ni cha nani. Umaskini haukuwalazimisha kuzungumza. Dhahabu ikawakuta kimya, na mpira ukapita katikati.

Na nyumbani je? Baba yuko machimboni Geita, mama yuko Shinyanga na watoto na shamba la mpunga. Ada ya shule ni ya nani? Baba anadhani mama ameuza mpunga, mama anadhani baba ametuma fedha. Mtoto anarudishwa nyumbani. Hapo hakuna mwovu. Hakuna aliyepaza sauti tu. Na mimi, niseme wazi, nina wasiwasi zaidi na nyumba zisizogombana kabisa kuhusu fedha kuliko zile zinazobishana kila mwisho wa mwezi. Zinazobishana angalau zinajua mpira uko wapi.

Wapo watakaoniambia: Padre, huyo mwenzangu alishaniangusha, siwezi tena. Maandiko hayaufichi uchungu huo. Paulo na Barnaba walikuwa jozi kubwa ya Kanisa la mwanzo, na katika Matendo sura ya 15 wakagombana vikali, wakaachana. Sababu ilikuwa Yohane Marko, kijana aliyewaacha njiani huko Pamfilia. Barnaba alitaka kumpa nafasi nyingine, Paulo akakataa katakata. Mmoja akapanda merikebu kwenda Kipro, mwingine akashika njia ya Siria, kila mtu na mwenzi mpya.

Lakini soma mpaka mwisho. Katika Waraka wa Pili kwa Timoteo, sura ya 4, Paulo amefungwa, wengi wamemwacha, na anaagiza Marko aletwe kwa kuwa anamfaa katika huduma. Ni Marko yuleyule wa Pamfilia. Wewe wa kwako yuko wapi leo, na namba yake bado unayo kwenye simu?