Mwalimu wa Ngumi na Kazi Yake

Watu wengi waendao kutazama mchezo wa ngumi humtazama mpiganaji tu. Yule aliyesimama pembeni, na taulo begani, hawamjali. Leo twapenda kueleza habari zake, kwa kuwa sisi tulio walimu twaona kazi yake yafanana na yetu, ila yake ina hatari zaidi.

Kijana ajaye kujifunza hutaka kupiga siku ile ile. Mwalimu humzuia. Kwanza humfundisha kusimama: mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, kidevu chini, mikono yalinda uso. Kisha humtembeza hivyo majuma mengi asipigane na mtu, maana apishanishaye miguu huangushwa hata kwa konde dogo. Wengi huchoka hapo, wakaenda zao. Waliobaki huamshwa alfajiri kwenda mbio, huruka kamba, hupiga gunia.

Siku ya pambano kubwa raundi moja ni dakika tatu, na mapumziko dakika moja tu. Katika dakika hiyo mwalimu humpa mtu wake maji, huzuia damu, humwambia neno moja au mawili. Anayetweta akiambiwa mambo kumi hashiki hata moja. Na wakati huo huo humtazama machoni: je, mtu huyu afaa kurudi?

Swali hilo si la mchezo. Robert Wangila wa Kenya alipata nishani ya dhahabu ya ngumi katika Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988. Mwaka 1994 alipigana Las Vegas, Marekani. Mwamuzi alisimamisha pambano, lakini Wangila alizimia baadaye, akafa kwa jeraha la kichwani, naye ana umri wa miaka 26.

Sasa tumtazame Mmarekani Eddie Futch. Tarehe 1 Oktoba 1975, huko Manila katika Ufilipino, mtu wake Joe Frazier alipigana na Muhammad Ali kugombea ubingwa wa dunia. Raundi 14 zikaisha, ikabaki moja. Jicho moja la Frazier lilikuwa bovu tangu zamani, na lile zima limevimba hata hakuona makonde yakija. Frazier alitaka kuendelea, Futch alikataa. Alimwambia aketi, mambo yamekwisha, wala hakuna atakayesahau aliyoyatenda siku ile. Ushindi ukawa wa Ali, ambaye mwenyewe alisema baadaye ya kuwa alikaribia kufa.

Wako waliomlaumu Futch kwa kuwa zilibaki dakika tatu tu. Sisi hatukubaliani nao. Dakika tatu ni nyingi mno kwa asiyeona. Tena mwalimu hutaka ushindi sawa na mtu wake, na ujira wake hutoka katika mapato ya mpiganaji. Akimzuia, ajizuia mwenyewe pia.

Frazier aliishi miaka 36 baada ya siku ile, hata mwaka 2011. Kwa miaka mingi alikuwa na jumba la mazoezi mjini Philadelphia, akawafundisha vijana ngumi, na mwanawe Marvis miongoni mwao.