Fahamu jinsi muziki wa trance unavyopangwa, hata kwa simu

Kila wiki tunapokea kwa WhatsApp midundo iliyotengenezwa na wasikilizaji wetu. Wachache hutumia kompyuta ya kuazima, wengi hutumia simu tu. Katikati ya singeli na bongo fleva imeanza kuingia na midundo ya trance, na swali linaloambatana nayo huwa lilelile: mbona yangu haisisimui kama ile ninayoisikia mtandaoni? Ninunue laptop?

Jibu letu fupi ni hili: usiuze mbuzi bado. Mara nyingi tatizo si chombo, ni mpangilio. Midundo mingi tunayoletewa huanza na kila kitu kwa pamoja, yaani ngoma, besi, kinanda na filimbi, halafu huenda hivyohivyo hadi mwisho. Msikilizaji hana cha kusubiri. Na trance ni muziki wa kumsubirisha mtu.

Trance ni nini?

Muziki huu ulikulia Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990, hasa katika kumbi za dansi za mji wa Frankfurt. Jina lake ni neno la Kiingereza lenye maana ya hali ya mtu kuzama hadi akawa kama hayupo. Aliyewahi kuona ngoma ya kupunga pepo anaijua hali hiyo: mdundo unarudiwa na kurudiwa, unapanda polepole, mpaka mtu anapandisha. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mganga wala mgonjwa, na ngoma inapigwa na kompyuta.

Kufikia mwaka 2004 muziki huu ulikuwa umefika mbali kiasi kwamba DJ Tiësto wa Uholanzi alipiga kwenye sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki jijini Athens, wanamichezo wa dunia nzima wakipita mbele ya watazamaji.

Hesabu kwanza, sauti baadaye

Trance nyingi huenda kwa mapigo kati ya 130 na 140 kwa dakika. Tuchukue 138. Hesabu moja, mbili, tatu, nne: huo ni mzunguko mmoja, na katika kila hesabu kishindo cha ngoma kubwa hupiga mara moja. Kwa kasi hiyo mzunguko mmoja huchukua chini kidogo ya sekunde mbili. Mizunguko 8 ni sekunde 14, na mizunguko 32 ni kama sekunde 56.

Namba hizi ndizo mifupa ya wimbo. Mabadiliko makubwa huja baada ya mizunguko 8, 16 au 32, si popote utakapo. Mchezaji hata kama hajui kuhesabu, mwili wake unahesabu. Ukibadilisha kwenye mzunguko wa 13, atahisi kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

Huu hapa mpangilio mmoja wa kawaida, unaotoa wimbo wa dakika sita kwa kasi ya 138:

1. Mwanzo, mizunguko 32: kishindo na matoazi tu. DJ huitumia sehemu hii kuunganisha wimbo wako na uliotangulia.
2. Besi inaingia, mizunguko 32: kila baada ya mizunguko 8 ongeza kitu kimoja kidogo.
3. Mtulio, mizunguko 32: ngoma zote zinanyamaza. Melodi inajitokeza peke yake kwa mara ya kwanza.
4. Kupanda, mizunguko 16: sauti zinarudi moja moja, msisimko unaongezeka.
5. Mlipuko, mizunguko 64: kishindo, besi na melodi, vyote pamoja.
6. Mwisho, mizunguko 32: unapunguza kimoja kimoja hadi kubaki ngoma, ili DJ apate pa kuingizia wimbo unaofuata.

Angalia vizuri: vitu vyote vinasikika pamoja katika sehemu moja tu, ya tano. Hiyo ndiyo siri yenyewe.

Namna ya kufanya kwenye programu

Programu inayotumika sana na maprodyuza wa kwetu ni FL Studio, iliyotengenezwa Ubelgiji na kampuni ya Image-Line. Ilianza mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops. Ipo ya kompyuta na ipo ya simu, zote za kulipia. BandLab unaweza kuanza nayo bila malipo, ila inahitaji intaneti, kwa hiyo pima bando lako.

Jihadhari na programu za kulipia zinazogawiwa bure kwenye magrupu. Simu unayotengenezea muziki ndiyo hiyohiyo yenye pesa zako za mtandao, na programu isiyojulikana ilikotoka inaweza kuja na mwizi ndani yake.

Njia rahisi ya kupanga ni kuanzia kilele. Tengeneza kwanza mizunguko 8 ya mlipuko, ukiwa na kila sauti unayoitaka. Ikikuridhisha, inakili mpaka ujaze dakika sita nzima. Kisha anza kufuta. Mwanzoni futa kila kitu isipokuwa ngoma. Kwenye mtulio futa ngoma, acha melodi. Unachonga kama fundi wa vinyago: umbo limo ndani ya gogo, kazi yako ni kutoa kisichohitajika.

Kwenye sehemu ya kupanda tumia filta, kile kifaa kinachozuia sauti nyembamba zisipite. Ikiwa imefungwa, melodi husikika kama muziki unaotoka kwenye nyumba ya jirani, nyuma ya ukuta. Ifungue polepole kwa mizunguko 16, na msikilizaji atahisi mlango unafunguliwa. Juu yake weka ngoma ndogo inayoanza kwa kupiga taratibu, kisha inazidisha kasi. Halafu, mapigo mawili kabla ya mlipuko, nyamazisha kila kitu. Ukimya huo mfupi una nguvu kuliko sauti yoyote utakayoongeza.

Kishindo na besi visigombane

Kishindo na besi hukaa chini, mahali pamoja. Vikipiga kwa wakati mmoja vinafunikana, na unachosikia ni mngurumo. Dawa yake unaisikia kila siku hapa redioni: mtangazaji anapoongea, muziki ulio nyuma unashuka; akinyamaza, unapanda tena. Maprodyuza hufanya vivyo hivyo kwa besi. Kila kishindo kinapopiga, besi inashuka kwa kitambo kidogo, kisha inarudi. Ndiyo maana besi ya trance husikika kama inapumua. Kama programu yako haina kifaa cha kufanya hivyo, kuna njia ya mkono: weka noti za besi katikati ya vishindo, zisigongane navyo kabisa.

Wimbo uliokusudiwa kutuliza madereva

Wapo wanaodhani mpangilio ni mapambo. Mfikirie Robert Miles, DJ wa Kiitaliano aliyezaliwa Uswisi, ambaye jina lake halisi lilikuwa Roberto Concina. Mwaka 1995 alitoa wimbo uitwao "Children", usio na maneno, wenye melodi nyepesi ya piano juu ya mdundo. Ulishika nafasi ya kwanza katika nchi nyingi za Ulaya.

Sababu za kuutunga zilikuwa mbili. Ya kwanza ni picha za watoto walioathirika na vita vya Yugoslavia, ambazo baba yake alirudi nazo kutoka kwenye kazi ya kutoa misaada. Ya pili ni barabara. Wakati huo Italia vijana wengi walikuwa wakifa kwa ajali wakirudi kutoka disko, wamechoka, damu bado inachemka kwa mdundo. Miles alitaka wimbo wa kupiga mwishoni mwa usiku, utakaowashusha watu taratibu kabla hawajashika usukani.

Kwetu disko vumbi ikiisha saa tisa usiku watu hupanda bodaboda, watatu kwa pikipiki moja, kwenye barabara isiyo na taa. Anayepiga muziki ndiye wa mwisho kuishika mioyo yao. Ukijua kuwapandisha, jua na kuwashusha. Sehemu ya sita ya mpangilio wetu haipo kwa ajili ya DJ peke yake.

Kabla hujatutumia

Sikiliza kazi yako kwenye vyombo vitatu: spika ya simu, spika za masikioni na sabufa ya mtu yeyote. Spika ya simu haiwezi kutoa besi ya chini kabisa, hivyo wengi huipandisha besi hadi basi, kisha wimbo ukifika kwenye sabufa unatikisa bati.

Sikiliza pia kwa spika moja. Redio nyingi za vijijini zina spika moja tu, na sauti zilizotanuliwa sana kushoto na kulia zinaweza kudhoofika au kupotea zikiunganishwa. Kama melodi yako inapotea, punguza kutanua.

Usijaze sauti hadi mshale uwe mwekundu. Ikishakwaruza ndani ya faili, sisi huku hatuwezi kuisafisha.

Tengeneza na toleo fupi la dakika tatu hadi nne. Lile la dakika sita ni la dansi. Redioni tuna taarifa, matangazo na salamu zenu. Fupisha mwanzo na mwisho, lakini usiukate mtulio, maana bila huo mlipuko hauna maana.

Mwisho, usitume kama sauti ya kawaida ya WhatsApp. Tuma kama dokumenti ili ubora usipungue. Faili ya MP3 ya ubora wa juu kwa wimbo wa dakika sita ni kama MB 15. Ile ya WAV hufika MB 60, hiyo iache mpaka tukuombe.

Tukipokea wimbo wenye sauti nne tu, lakini unaotufanya tusubiri sekunde hamsini tukijiuliza kishindo kitarudi lini, tutaupiga hewani, hata kama umetengenezwa kwa simu yenye kioo kilichopasuka.